Mzazi Alinipasua Kichwa kwa Sababu ya Mchoro

Huu mshono kichwani mwangu si wa ajali. Mzazi alinipiga na stuli, darasani, mchana kweupe.

Mimi ni mwalimu wa sanaa, shule ya msingi. Wengine wanadhani kazi yangu ni kuwapa watoto rangi wanyamaze. Thubutu!

Siku hiyo niliwaambia darasa la tatu, "Leo hakuna maua. Chora mikono ya mtu wa nyumbani. Inafanya nini?"

Wakachora mikono inayosuka nywele, inayoosha vyombo, inayobembeleza mtoto.

Binti mmoja, tulimwita Kimya maana kumtoa neno ilikuwa shughuli, akachora mikono mikubwa myekundu imeshika mchi. Chini ya meza, kamtu kadogo kamejikunja.

Moyo ukanipiga paa!

Sikuuliza kitu. Baba yake namjua, fundi wa kuchomelea, pande la mtu. Nikajisemea, huyu anamuua mtoto. Nikamwita mama yake kimyakimya.

Akaja palepale darasani, kapendeza, anatabasamu. Nikamwonyesha mchoro.

"Mama, usiogope. Tutakusaidia."

Tabasamu likazimika ghafla.

"Nani kakwambia nampiga?"

Haki ya Mungu, sikuwa nimetaja kupiga.

Kabla sijafungua mdomo, stuli ikatua kichwani. Damu ikaniziba jicho. Akamrukia binti, akamkaba shingo.

"Umeenda kunianika, eeh?"

Watoto mayowe, chupa za rangi zinapasuka miguuni. Nikamng'ang'ania mkono, akaning'ata hadi nyama ikaachia. Mtoto macho yameshamtoka! Mlinzi wa getini na mwalimu mkuu ndio waliomwangusha.

Jioni baba mtu, vidole vimefungwa bandeji, akaja na binti yake wodini nilikolazwa. Akakaa kando ya kitanda, jitu zima, akalia kwikwi.

"Mwalimu, yule chini ya meza ni mimi. Ningemwambia nani? Wangenicheka."

Nikamgeukia binti. "Mbona ulimchora baba mdogo hivyo?"

"Akipigwa anakuwa mdogo."

Nikamvuta karibu nami.

Mama yuko ndani, kesi inaendelea. Baba na binti wamehamia kwa shangazi.

Jamani, mtoto akikuonyesha alichochora, usijitie kujua. Muulize, halafu funga mdomo usikilize. Na ukisikia mwanaume anapigwa kwake, acha kucheka. Kipigo hakichagui suruali wala gauni.