Mzee Aliyenipa Mgongo Nyololo

Mimi si mtu wa kutunga. Shule niliishia darasa la saba, na hata uongo mdogo wa kumwambia mgeni kwamba nimeshiba hunitoa jasho. Kwa hiyo haya ninayokueleza yachukue kama yalivyo. Yalinipata mchana, kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Iringa, nikiwa na akili zangu timamu.

Mume wangu alikuwa fundi magari hapa Uyole. Alipofariki aliacha uani gari moja dogo, rangi imebabuka, na injini yake ya pistoni sita ikiwa vipande vipande juu ya meza. Alikuwa anaijenga upya ili aifunge tabo, kile kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini ipate nguvu zaidi. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, magari hupanda mlima yakihema kama wagonjwa. Yeye alitaka moja lisilohema. Nguvu za farasi mia tano, alisema, na alizitamka kama mtu anayetaja jina la mtoto.

Nilikuwa nimekaa naye gereji miaka mingi nikimpa spana, mpaka nikajua kufunga mwenyewe. Baada ya msiba wengine hulia, wengine husali. Mimi nilifunga injini. Pistoni ngumu alizokwisha kuziagiza, konrodi nzito za kuzishikilia, na zile nati za juu nikizikaza kwa mpangilio alionifundisha, kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo. Amini usiamini, zilikuwa siku za amani.

Shemeji yangu Gwakisa, mdogo wa marehemu, hakuona amani yoyote pale. Aliona chuma chakavu.

"Shemeji, farasi wote hao unawalaza wapi?"

"Uani."

"Na wakikutupa?"

"Nitawapanda tena."

Alicheka, lakini alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi wa gari. Basi tukakubaliana mbele ya mama yao: nilipeleke gari Iringa na kurudi. Likirudi kwa miguu yake, ni langu. Likirudi juu ya lori, analiuza. Nilikubali, maana hapakuwa na kazi nyingine ambayo mkono wa mume wangu uliianza bila kuimaliza.

Safari ilianza vizuri kuliko nilivyotegemea. Baada ya Chimala barabara ilinyooka, nikakanyaga. Tabo ikapiga mluzi, kiti kikanisukuma mgongoni, nikajikuta nacheka peke yangu, mara ya kwanza tangu tumzike. Kukaribia Nyololo ukashuka ukungu, ule wa Mufindi unaoifanya saa tano ya asubuhi ifanane na alfajiri. Hapo nikaanza kunusa oili inayoungua. Nikaegesha pembeni, nikafunua boneti, nikatazama. Sikuona kitu. Ningefanya nini? Kuendelea, niliogopa moto. Kuita lori la kunivuta, ndiyo nimekwisha kulipoteza gari.

Nilipoinua kichwa, upande wa pili wa gari palikuwa na mzee amenipa mgongo. Alivaa koti refu la kaki kama la madereva wa zamani, na kofia ya sufu ameivuta mpaka masikioni. Nikamsalimia Kihehe, maana niko ugenini. "Kamwene." Hakugeuka. Nikasema, "Shikamoo, baba." Akakohoa, akainamisha kichwa, akaanza kusema Kinyakyusa, lugha yangu mimi. Lakini hakunijibu mimi. Alilijibu gari, kwa ndaga yetu ya salamu na shukrani.

"Ndaga, gari. Mwambie mama huyo, bomba la oili la tabo limepasuka kwa nyuma, pale lilipokunjwa."

Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ni mlevi, au mwizi anayeficha sura. Nikashika spana, nikazunguka kwa mbele nimwone. Akazunguka kwa nyuma. Nikageuza upande, naye akageuza, ameziba uso kwa kiganja. Tukalizunguka gari kama watoto wanaofukuzana.

"Baba, mbona unaongea na gari na mimi nipo?"

"Gari, mwambie aache kunikimbiza, miguu yangu ni ya zamani." Sauti yake ilikuwa na kicheko ndani. "Na umwambie shaba hukunjwa kwa moto. Aliyeianza kazi hii alijua. Huyu ameikunja baridi."

Nikashusha spana. Bomba lile la shaba nililikunja mimi, peke yangu uani, juu ya goti langu, baada ya kulikosa lile alilotengeneza marehemu. Hakuna aliyeniona na sikumwambia mtu. Nikainama, nikamulika kwa simu nyuma ya injini. Ufa ulikuwepo, na oili ilikuwa inachuruzika juu ya chuma cha moto. Nilipoinuka mzee hakuwepo. Upande aliokuwa amesimama palikuwa na majani marefu, hapakuwa na pengine pa kupita, lakini umande ulikuwa umetulia juu ya kila jani.

Nilitembea mpaka kwa mchomeleaji pale Nyololo, nikamwomba moto na shaba. Nikapasha kipande kipya cha shaba mpaka kikawa chekundu, nikakikunja taratibu kikatii, nikakifunga na kuongeza oili. Nilifika Iringa. Nikampigia Gwakisa simu ya video aione stendi, kisha nikageuza gari. Alinipokea getini.

"Farasi wamerudi wote?"

"Wahesabu mwenyewe."

Kisa cha mzee nilimwambia mama mkwe peke yake, tukiwa tunamenya maharage. Aliniuliza swali moja tu. "Alikuonyesha uso?"

"Hapana, mama. Nilimzunguka na spana, akakataa."

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Mwanangu, umemkimbiza baba mkwe wako na spana."

Sisi Wanyakyusa, kwa mila, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawatazamani usoni wala hawazungumzi ana kwa ana. Tunaita kutila, ni heshima. Mjini wengi wameacha, na mimi sikuwahi kuifanya kwa sababu mzee alifariki kabla sijaolewa. Mama akanieleza kwamba aliendesha malori ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi kwenda Chunya, na lori likimharibikia porini alikunja mabomba kwa moto wa kuni. "Angekutazama," akasema, "ningesema ni jini la barabarani. Hakukutazama. Basi ni yeye."

Siwezi kuficha kwamba nilinung'unika kidogo. Niliyekuwa namngoja ni mume wangu. Lakini baadaye nilitulia, na usingizi ukarudi. Gari liko uani, ni zima na ni langu. Gwakisa mwenyewe huomba nimpeleke Iringa. Ila mpaka leo sifunui boneti kabla ya kukohoa na kurudi nyuma kidogo, macho chini, ili kama kuna mzee kazini apate nafasi ya kugeuka. Majirani wananicheka. Wacheke.

Nawe utakayepita Nyololo wakati wa ukungu, nakuomba usikilize. Ukimkuta mtu amekupa mgongo, usimzunguke. Inamisha macho, sikia anachokuambia, sema ndaga, umwache aende. Lakini akigeuka mwenyewe akakutazama, huyo si wa kwenu. Washa gari uondoke.