Hilje na Kontena la Televisheni

Waziri wa mazingira alitangaza, mbele ya bendera mbili na glasi ya maji ya bomba, kwamba Uholanzi ni nchi inayojua kila kilo ya vifaa vyake vya umeme imeingilia wapi, imekaa kwa nani na imeishia wapi. Maneno "kila kilo" aliyasema mara tatu, yasije yakasahaulika.

Kilo za mji wa bandari wa Delfzijl alikuwa akizijua Hilje Wiersema. Kwa miaka kumi na tisa alikaa mizanini kwenye yadi ya kukusanyia vifaa vikuukuu, na sheria yake ilikuwa moja: chochote kinachosafirishwa kama mtumba kichomekwe kwenye umeme mbele ya macho yake. Kikiwaka, ni mtumba. Kisipowaka, ni taka, na taka haivuki bahari. Wenzake walimwita Bibi Plagi, hasa akiwa karibu.

Februari likaletwa kontena la televisheni mia nne na kumi, karatasi zinasema mitumba. Hilje akachomeka mia moja. Zikawaka tatu.

Meneja wake, Reint, akaitisha kikao cha kahawa. Kwenye vikao hivyo kila mtu hutoa maoni yake, kisha wote hukubaliana na kilichoamuliwa kabla maji hayajachemka.

"Hilje, si tatu zimewaka?"

"Zimewaka. Na tisini na saba zimekufa, Reint. Unataka nizifufue?"

"Hatusemi zimekufa. Tunasema zinasubiri fundi."

"Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Hukohuko ziendako. Watu wa kule wana mikono jamani, wanatengeneza chochote!"

"Basi waandikie wazi kwamba unawapelekea maiti."

Harm, dereva wa foklifti, akachekea ndani ya kikombe. Reint hakucheka.

"Tia saini tu, mama. Umebakiza miaka miwili uile pensheni yako kwa raha. Unaichezea kwa ajili ya televisheni?"

Hakutia. Wiki iliyofuata akapewa barua ya shukrani, na kustaafishwa mapema kwa sababu ya mgongo, mgongo ambao haukuwahi kumuuma. Siku ya kumuaga kulikuwa na keki: kila mtu kipande kimoja, kisha boksi likafungwa. Harm alimpa mkono huku akitazama viatu vyake mwenyewe.

Nafasi yake haikutangazwa. Tangu Machi, dereva wa lori hujipimia mzigo na kujaza fomu mwenyewe. Fomu inahitaji saini mbili. Zote huzitia yeye.