Bhoke amenirudisha kazini

Leo nimefukuzwa na mtoto wangu mwenyewe, sebuleni kwangu, hapa Turwa.

Tangu shule zifungwe nafanyia kazi chumbani. Bhoke akijua nipo, hanipi nafasi. Kwa hiyo kila asubuhi namuaga, natoka na mkoba, nazunguka nyuma ya nyumba na kuingia chumbani kimyakimya. Anabaki na Nyangi, dada wa kazi niliyemtoa Busawe.

Sasa hao wawili wanacheka. Kutwa nzima. Na mimi nimetega sikio ukutani, kazi imelala.

Leo nikashindwa. Nikatoka nyuma, nikaja kubisha hodi mlangoni kama mtu aliyetoka kazini.

Nyangi akanipokea mkoba. "Pole na kazi, mama Bhoke."

Bhoke hata hakuinuka. Wamepanga magunzi ya mahindi sakafuni, ndiyo ng'ombe wao.

"Mama, mbona umewahi kurudi? Nenda kwanza, hatujamaliza kuchunga."

Nikajikaza, nikaomba na mimi nipewe hata ndama.

"Hawa ni wa kwangu na dada."

Basi nimeaga upya. Niko chumbani naandika hivi, na bado wanacheka.

Wenye madada wa kazi, nyie kwenu mnaruhusiwa kuchunga?