Kibuyu Nilichokiosha kwa Jiki

Wacha niseme mwenyewe, kwa sababu mkisubiri kuambiwa na watu wa Kiganjo mtaambiwa na chumvi juu: ndiyo, ni mimi yule mzee aliyechekwa kwa maabara ya shule mbele ya wazazi wote, na ndiyo, ule mkono uliozungumziwa siku hiyo ulikuwa mkono wangu, huu wa kulia ninaoandikia. Sikuwa nimelewa (pombe niliacha mwaka Wambui alizaliwa, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine). Nilikuwa nimeosha kibuyu tu.

Kibuyu chenyewe kilikuwa cha mama Wambui, bibi yangu, aliyenitangulia sasa ni miaka mitatu. Alikuwa akitengeneza mala, yale maziwa ya kuganda, na kuuza hapo mlangoni kwetu, na kibuyu alikuja nacho kutoka kwa mama yake Gatanga siku niliyomwoa, kimejaa, kimefungwa kwa leso kama mtoto, na mama yake naye alikuwa amekipata na maziwa yake kutoka kwa mama yake. Sheria zilikuwa mbili. Sabuni isiguse kibuyu. Na usimalize, hata mteja akililia, kikombe kimoja kinabaki chini, hicho ndicho mbegu, unamwaga maziwa mapya juu yake na kesho yake yameganda. Nilimuuliza mara moja kwa nini tusikwangue yote tuanze upya, akanijibu kwamba nyumba haihamwi na watu wote siku moja, lazima wengine wabaki wapokee wageni. Nikafikiri ni maneno tu ya wanawake wa Gatanga, wanapenda kusema kwa mafumbo.

Alipoenda, mimi nilikuwa najua kupika chai peke yake, tena chai yenyewe si nzuri. Lakini mala niliendelea nayo. Watu wanasema ni bidii, si bidii. Jioni wateja wanakuja na vikombe vyao, kila mmoja anasema habari ya leo guka (ndivyo babu anavyoitwa huku kwetu), anasema kumekuwa na baridi, anaenda, na hayo ndiyo maneno yangu ya siku nzima, wakiisha nafunga mlango. Halafu nakunywa yangu. Ladha ilikuwa ile ile, haikubadilika hata kidogo, na nikifunga macho naona kama ameenda tu dukani kununua majani na anarudi sasa hivi.

Basi mmoja wa wateja alikuwa Mwalimu Achieng', anafundisha bayolojia kwa ile shule iliyo karibu, mama mmoja mpole anayependa kusimama akiongea na kikombe mkononi. Jumatatu moja akaniambia kwamba wanafunzi wake wa kidato cha tatu wanasoma mambo ya bakteria, shule imepata hadubini mpya, na Ijumaa ni siku ya wazazi, kwa hivyo angependa wanafunzi waje Jumatano wachukue mala kidogo kutoka kwa kibuyu. Akasema hivi, nakumbuka vizuri:

"Guka, tunataka wazazi waone bakteria zako."

Sasa hapo ndipo mnatakiwa kunijua mimi ni mtu gani. Shule niliacha darasa la tatu, na maisha yangu yote nimeosha mapipa kwa kiwanda cha mananasi hapa Thika. Kwa kiwanda, bakteria ni neno la inspekta. Tukisikia inspekta anakuja na vijiti vyake vya pamba kupangusa mapipa, tunaosha kila kitu na dawa mpaka macho yanatoa machozi, inspekta anapangusa, haoni kitu, supavaisa anatupongeza. Mtu akisikia ana bakteria zake anaona aibu, kama ameambiwa ana chawa. Ningemuuliza mwalimu, ananieleza kwa dakika mbili. Lakini niliona kumuuliza ni kama kukubali kwamba nyumba yangu ni chafu tangu mama Wambui aende, nikacheka tu nikamwambia karibuni sana.

Jumanne asubuhi nikatoa kibuyu nje. Kile kikombe cha chini nikakimwaga kwa migomba (nilisita kidogo, sitadanganya, lakini nikajiambia mbegu ni maziwa tu, na maziwa nitapata). Nikaweka maji moto, sabuni, na jiki, ile dawa ya nguo nyeupe, nusu chupa, nikatikisa mpaka mabega yakauma, nikasugua na burashi ya chupa, nikarudia, halafu nikakianika juani. Kilinukia kama kanzu ya padri. Nikanunua maziwa, nikayachemsha mara mbili ili inspekta asipate neno, nikamwaga ndani, nikangojea.

Jumatano asubuhi maziwa yalikuwa maziwa. Hayakuwa yameganda, hayakuwa hata yamefikiria kuganda. Hapo mtu mwenye akili angeenda kwa mwalimu aseme ukweli, lakini mimi nikaenda kwa jirani nikaomba ndimu mbili. Ukikamua ndimu kwa maziwa yanakatika vipande, na kwa mbali, ukiwa na haraka, unaweza kusema ni mala.

Wanafunzi walikuja sita, na sweta zao za kijani, na nyumba ambayo haikuwa imeketiwa na watu sita tangu matanga ikajaa kelele. Mmoja alikalia ndoo. Walinyonya maziwa kidogo kwa kidude cha plastiki, wakapaka kwa kisahani chenye kitu kama jeli ndani, ambacho waliniambia ni chakula cha bakteria, ukikiweka mahali pa joto siku mbili kile kidogo ulichopaka kinakuwa mtaa mzima unaoonekana kwa macho. Mimi nikawapa chai (walikunywa, watoto wazuri) na nikawaelezea habari ya Gatanga na leso na mbegu, yote niliwaelezea, jinsi mzee anavyoongea akipata masikio, na hiyo ndiyo ilikuja kuniumiza. Msichana mmoja anaitwa Shiru, mwenye maswali, akasema wapanguse pia mkono wangu ili walinganishe. Nikaunyoosha hapo hapo. Nilikuwa nimetoka kuwalisha kuku na sikukumbuka kunawa, kwa sababu nguvu zote nilikuwa nimemalizia kwa kibuyu.

Wakanialika Ijumaa, niwe mgeni, na nibebe mala ya siku hiyo kwa jagi ili waiweke kwa hadubini watu wakiona. Niliwaza kuhusu hilo jagi siku mbili. Nilimpigia simu Wambui, binti yangu, anaishi Mugutha huko Ruiru, ana duka la kusuka nywele, nikamwambia babako ni mgeni wa heshima. Akasema atajaribu. Wambui hujaribu sana.

Ijumaa nikakamulia ndimu maziwa mengine kwa jagi, nikavaa koti. Ndani ya maabara viti vilikuwa vya mbele kwa wageni, nikaweka kofia yangu kwa kiti kilicho kando yangu ili Wambui akija apate, na kila mara mzazi akiuliza kama kuna mtu nasema yuko njiani. Kofia ilikaa hapo mpaka mwisho.

Mwalimu Achieng' akasimama. Nilidhani atazungumza juu ya usafi. Badala yake akaanza kusema kwamba watu wanachukia bakteria bure, nyingi ni rafiki, ndizo zinazogandisha maziwa, zinazaana na kuzaana, na kwamba leo kuna mgeni hapa ambaye ana kitu hata maabara za Nairobi hazina. Akasema ile mbegu ya kibuyu ni bakteria hai, na zilizo ndani leo ni watoto wa watoto wa zile alizoshika mama Wambui kwa mikono yake, na mama yake, na mama wa mama yake, familia moja ambayo haijawahi kukatika kwa sababu kila mwanamke aliachia mwenzake kikombe kimoja. Akasema mama amekufa lakini kazi yake inaendelea kuishi kwa kibuyu cha huyu mzee. Watu wakapiga makofi. Wakageuka kuniangalia. Mimi nilikuwa naangalia jagi.

Shiru akaweka tone la maziwa yangu kwa kioo, akasongesha hadubini, na picha ikatokea kubwa ukutani. Mipira ya mafuta, mingi, mizuri, inaelea. Akasongesha huku, akasongesha kule. Mwalimu akasogea akashika mwenyewe. Mipira tu. Mwalimu akasema kwa upole kwamba labda ni tone baya, wacha tufungue visahani, kwa sababu visahani havidanganyi (hata yeye hakuwa ameviangalia, alitaka sote tuone pamoja). Wakavipanga mezani na majina yake. Kisahani cha kitasa cha mlango kilikuwa na madoadoa. Cha simu ya mwalimu mkuu kilikuwa na madoadoa zaidi, watu wakamcheka. Kisahani cha mala ya guka kilikuwa safi kama kimetoka dukani. Kilichokifuata kilikuwa msitu, madoa meupe, ya manjano, na kitu kimoja cha rangi ya waridi chenye manyoya, na juu yake karatasi ya mwandiko mzuri: mkono wa guka.

Mzazi mmoja wa nyuma, baba wa tumbo kubwa, akasema, "Mwalimu, tungekamua mkono tupate mala."

Maabara yote ikaanguka kwa kicheko. Mwalimu mkuu alifuta macho. Hata mimi nilicheka kidogo, mnajua kile kicheko cha kusaidia wenye kukucheka. Lakini Mwalimu Achieng' hakuwa anacheka, alikuwa amenusa jagi, na akainama karibu nami kama mtu anauliza mgonjwa.

"Guka, ulifanya nini?"

Nikasema polepole lakini maabara ilikuwa imeanza kunyamaza, kwa hivyo kila mtu alisikia. "Niliziosha, mwalimu. Na jiki. Nilidhani mnakuja kukagua."

Wakacheka tena, safari hii hata wale wa dirishani. Shiru peke yake aliendelea kusimama na kioo chake mkononi, na akauliza lile swali ambalo mimi nilikuwa najificha nisijiulize tangu mwalimu aseme ile habari ya mikono ya mama Wambui.

"Hata ile ya cucu? Hukubakisha kikombe?"

Nikatikisa kichwa. Kicheko kiliisha kimoja kimoja, unajua vile mvua inaisha kwa mabati. Nilichukua jagi langu na kofia nikatoka, na mwalimu akanifuata mpaka geti. Nilimuuliza kama sayansi inaweza kuzirudisha. Akasema hapana, haiwezi kutengeneza familia iliyokufa, labda kuna mtu mwingine aliyegawiwa mbegu hiyo. Hapo nikakumbuka Wambui, maana mamake alimpa kibuyu kimejaa siku alipoolewa.

Sikumpigia. Kuna mambo ukiuliza kwa simu unajibiwa haraka sana. Jumamosi niliomba mbegu kwa mama mmoja mzee wa Kiandutu anayeuza mala pia, mwanamke mkarimu, akanipa kikombe kizima bila kuniuliza kitu, na ikaganda, tena ikaganda vizuri. Wateja walikuja na vikombe. Hakuna aliyegundua tofauti. Mmoja aliniambia siku hizi guka umeboresha. Nilikunywa yangu na kufunga macho na hakuna aliyekuwa ameenda dukani.

Siku iliyofuata nikaenda Mugutha na chupa. Wambui alishangaa kuniona mlangoni, akauliza kuna nini baba mbona hukusema unakuja, nikamwambia nimekuletea mala. Nilipoingia sebuleni nikakiona kibuyu chake. Kilikuwa ukutani, kwa msumari, kimepakwa vanishi mpaka kinang'aa, kando ya televisheni, kimetiwa maua ya plastiki mdomoni. Sikuuliza tena. Nikakaa.

Alijimiminia kikombe, akanywa akiwa amesimama, mkono mwingine una simu. Halafu akaweka simu chini. Akanywa tena, kidogo, akaishikilia mdomoni.

"Baba, hii si ya mami."

Sijui kama mtanielewa nikisema nilifurahi. Wateja wote wale, mtaa mzima, na nilikuwa nimeanza kufikiri hiyo ladha niliiota tu. Nikamwelezea kila kitu, jiki, ndimu, kuku, mkono, yule baba wa tumbo. Alicheka mpaka akakaa chini kwa mkeka, akacheka akishika mbavu, na baadaye nikaona si kucheka tena. Tulikaa tukiangalia kile kibuyu cha ukutani.

"Nilidhani wewe utakuwa nayo siku zote," akasema. "Ndiyo maana yangu niliiacha ikauke."

Nikamwambia mimi nami nilidhani iko kwake.

Kwa hivyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu: sitasafishia mgeni tena. Akija mwalimu, akija inspekta, akija na hadubini ya kuona mpaka moyo, atanikuta vile nilivyo, na asipoelewa nitauliza, hata kama swali ni la mtu wa darasa la tatu. Wanafunzi walinitumia salamu kwamba hawajakasirika, lakini walishapita kwa somo lingine, sasa wanasoma mimea, na mimi sina mimea ya maana.

Wambui amekuja mara mbili tangu wakati huo. Hajaribu siku hizi, anakuja tu. Anaonja, anafunga macho, mimi namwangalia, anatikisa kichwa kwamba bado, halafu ananinyooshea kikombe nimwongezee.