Mguu Usioanikwa

Mama yangu ameanika dagaa ufukweni maisha yake yote. Anachojua ni kwamba wabichi wanaoza, wakavu wanakaa. Basi alipochomwa na msumari kisiginoni, na sukari anayo, akawa anauanika mguu juani kila siku mpaka kidonda kikawa shimo. Daktari akatuambia wazi: kikizidi kuoza, mguu utakatwa.

Muuguzi akakisafisha, akabandika jeli inayoonyesha kama kioo, baridi, inateleza kama mlenda uliopoa.

"Humu kuna chembechembe za fedha, ndogo hata macho hayazioni. Zinaua vijidudu. Na kidonda kinatakiwa kibaki na unyevu."

"Fedha?" Mama akashtuka. "Basi msitangaze, wezi wataubeba mguu."

"Si hela, bibi. Fedha ile ya pete."

Akaniandikia karatasi: Msifungue mpaka Alhamisi. Akipata homa au kikinuka, rudini haraka.

Jumatano, nyumbani Buhongwa, namwogesha Mama, nikaona weusi kwenye jeli. Naye akauona.

"Si unaona? Kinaoza. Nitolee nikakianike."

"Karatasi inasema Alhamisi, Mama."

"Tangu uanze hiyo shule ya jioni, karatasi ndiyo mama yako."

Iliniuma, maana ni kweli kusoma nimejifunza ukubwani. Je, kama nimesoma vibaya? Nikaisoma tena kwa kidole, neno kwa neno. Nikamshika paji la uso, halina moto. Nikanusa kidonda, nikanusa tena, mpaka pua yangu mwenyewe nikawa siiamini. Nikaanza Baba Yetu. Nilipofika "mapenzi yako yatimizwe" nikakwama, kwa sababu sikuwa tayari yatimizwe kama ni kukata. Nikarudia toka mwanzo. Vidole vilikuwa tayari vimeshika ukingo wa ile jeli. Nikaviondoa.

Alhamisi asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye benchi. Muuguzi akabandua. Weusi wote ukatoka na jeli.

"Ni ile fedha, huwa inabadilika rangi," akasema. "Angalieni chini." Palikuwa pekundu, na pembeni nyama mpya inaota.

Mama hakuangalia. "Lete hiyo."

Akaishika ile jeli, akafumba macho, akainusa taratibu, kama anavyonusa gunia la dagaa kabla ya kulinunua. Mimi na muuguzi tukamngoja.

"Haijaoza," akasema, akaunyoosha mguu. "Haya, bandika nyingine."