Udongo Mweupe kwenye Ua la Verna

Miaka mitatu Orval Tidwell aliendesha pikapu yake akiwa amemfunga mkewe mkanda kwenye kiti cha pembeni. Mke mwenyewe, Verna, alikuwa majivu ndani ya kopo la kahawa. Usicheke. Mimi nilicheka, nikajuta.

Verna aliacha neno moja tu: amwagwe pale alipolichuma ua lake. Ni ua la porini liitwalo asta, rangi ya waridi, alilikausha ndani ya gazeti pamoja na mizizi yake. Korongo gani, hakuandika. Na Orval, mume gani huyu, siku hiyo alikuwa amelala garini.

Makorongo ya huku jangwani hayahesabiki, na mvua ikigoma, maua nayo yanagoma. Picha ya ua alinibandikia ukutani kwenye duka langu la dobi, na kila Machi akaja na lingine mkononi.

"Chelo, hili je?"

"Hilo majani yake yana meno kama msumeno, Mzee Tidwell. La Verna ni kibogoyo."

"Kama mimi."

"Kama wewe. Rudi ukatafute."

Mwaka huu, kwa kukata tamaa, akaleta lile gazeti lenyewe. Wataalamu wa maua wote aliowaendea walikuwa wameangalia picha: petali, majani, basi. Mimi nikaangalia mizizi. Ilikuwa na vumbi jeupe, laini kama unga wa ngano. Miaka ishirini nafua nguo za wachimba jasi, lile jiwe jeupe la kutengenezea plasta. Vumbi lile nalijua kuliko ninavyowajua wanangu.

"Hili la jasi. Korongo la nyuma ya machimbo ya zamani. Hakuna pengine."

Nilidhani ataruka. Akakaa kwenye kapu la nguo chafu.

"Kwa hiyo nimepajua."

"Umepajua. Nenda."

"Nikishammwaga, njiani nitaongea na nani?"

Nikalikunja gazeti lake, nikamwekea mapajani.

Jumatatu akaenda, akarudi na kopo. Jumatano akarudi nalo tena.

"Maua yapo, ila hayajafunguka vizuri," akasema.

"Yakungoje mpaka ufe, mkamwagwe wote wawili?"

"Hilo nalo nililifikiria."

Ijumaa aliegesha mbele ya duka langu, suruali nyeupe kwa vumbi la jasi mpaka magotini. Hakushuka. Nikachungulia dirishani: kopo halipo. Mkanda wa kiti cha pembeni alikuwa ameufunga vilevile.