Vitambaa Vyeupe Kwenye Kamba

Harufu ya sabuni ya kipande iliyochanganyika na moshi wa kuni mbichi hunirudisha kijijini kwetu Kanja hata nikiwa katikati ya mji, nimesimama kwenye foleni ya benki na mawazo yangu yako kwingine kabisa. Ni harufu ya Jumamosi. Mama alifua Jumamosi, na kitambaa chake cha kanisa alikifua mwisho, peke yake, kwenye karai ambalo nguo nyingine hazikuruhusiwa hata kulisogelea. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kichwa chenye upindo wa buluu, na kila mwanamke wa chama cha akina mama wa kanisa letu alikuwa nacho. Alikisugua, akakisuuza kwa maji yenye buluu kidogo ili weupe ung'ae, kisha akakichovya kwenye uji mwepesi wa unga ili kikikauka kiwe kigumu na kisimame vizuri kichwani. Kazi yangu mimi ilikuwa kufukuza kuku. Mama hakuwa mkali kwa mambo mengi, lakini kuku akikanyaga kitambaa kile ungedhani amekanyaga Biblia yenyewe. Alikuwa na sauti nzuri, ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani, na alipofua aliimba bila kujua anaimba. Majirani wa ng'ambo ya mto walisema hawana haja ya redio, maadamu Igoki anafua.

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa baridi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa darasa la tatu. Katikati ya mwaka, huko kwetu kwenye miteremko ya mlima, ukungu hushuka ukakaa. Majani ya kahawa hudondosha maji mchana kutwa, njia zote huwa matope mekundu, na nguo hugoma kukauka hadi zianze kunuka. Mwaka huo kulikuwa na kitu kingine kilichoning'inia hewani. Watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini, na mtoto akiingia walianza ghafla kusifu maharagwe. Nilijua tu kwamba jambo lenyewe liliitwa vyama vingi, na kwamba ishara yake ilikuwa kuinua vidole viwili. Nilifundishwa na mjomba Nyaga, mdogo wake mama, kijana mrefu aliyefundisha kwaya ya vijana na kucheka kwa mwili mzima. Aliinua vidole vyake jikoni kwetu, mama akamchapa mkononi kwa mwiko, nasi sote tukacheka. Nilimpenda mjomba yule kuliko mtu yeyote duniani, na sioni haya kusema hivyo hata leo.

Kisha siku ya baraza chifu aliwataka watu wapige makofi kwa ajili ya chama kimoja kilichokuwapo. Watu wakapiga, kwa sababu askari walikuwa wamesimama pale na bunduki. Mjomba Nyaga hakupiga makofi, aliinua vidole viwili. Hakupiga kelele, hakutukana mtu. Askari wawili walimtoa katikati ya watu wakampakia kwenye Landrova, na alipopita mbele ya mama alimwambia amwekee chakula. Mama aliweka. Kesho yake kambini kwa chifu walisema amepelekwa kwa D.O., mkuu wa tarafa, na kwa D.O. wakasema hawajui habari zake.

Wanawake wa kanisa walikutana nyumbani kwetu, wakachambua maharagwe huku wakipanga. Nilikaa mlangoni pamoja na shosho, mama yake mama, aliyekuwa haoni vizuri lakini masikio yake yalikuwa mazima. Waliamua kwenda wote ofisini kwa D.O., wapige magoti uani, waimbe mpaka mtoto wao atolewe. Mmoja aliuliza, je, wakipigwa? Hapo ndipo mama alipotoa wazo lake. Alisema wavae vitambaa vya kanisa. Hao askari nao wana mama zao, alisema, na mama zao huenda kanisani. Mtu aliyelelewa na mama hawezi kuinua rungu juu ya kichwa kilichofunikwa kwa kitambaa cha Mungu. Wote wakaitikia. Yalikuwa maneno yenye akili sana kwa watu kama sisi, ambao jambo baya zaidi tulilowahi kumwona mtu akifanya kanisani ni kusinzia.

Waliondoka asubuhi kwenye ukungu, na kwa muda niliweza kuona weupe wa vichwa vyao tu, miili imemezwa. Mama Ireri, jirani yetu wa karibu, alibaki kwa sababu malaria ilikuwa imemwangusha, naye alilia kitandani kwa kuachwa. Walirudi mchana, wamesambaa, wanashikana mikono. Hawakuhitaji kutueleza mengi. Walikuwa wamepiga magoti, wamefika ubeti wa pili, askari wakatoka na marungu wakapiga vichwa vile vile. Mama alikuwa na jeraha juu ya sikio. Kitambaa alikuwa amekikunja mkononi, na rangi yake sitaki kuielezea. Mjomba hawakumwona. Jambo la kwanza mama alilofanya, kabla shosho hajamwosha jeraha, lilikuwa kukiloweka kitambaa, kwa sababu damu ikikauka haitoki.

Kilikaa kimelowa, kikafuliwa, kikafuliwa tena, na ukungu haukuondoka. Halafu Jumamosi likatoka jua. Nakumbuka furaha tuliyokuwa nayo, furaha ya kijinga kabisa, kwa kuona tu jua. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na hakuna mwanamke katika chama kile aliyeweza hata kufikiria kuingia kanisani na kitambaa kichafu. Basi wote wakaanika. Kanja ni migongo ya milima inayotazamana, boma hapa, boma kule, na mto katikati. Ukisimama barabarani juu unaona kamba za nguo za kila mtu. Mama alifunga kitambaa chake kwenye kamba kati ya mparachichi na nguzo ya choo, akarudi nyuma akakitazama. Doa lilikuwa limetoka. Akatabasamu. Kila mteremko ulikuwa na vitambaa vyake vyeupe, vinapepea kwenye jua, na barabarani juu Landrova ilikuwa imesimama.

Walikuja boma kwa boma, bila haraka. Kwetu waliingia watatu. Mkubwa wao, mtu mnene asiyetoka sehemu zetu, alikishika kitambaa kwa vidole kana kwamba anapima kitambaa cha kununua.

"Hii kitambaa ni ya nani?" aliuliza.

Shosho alijibu haraka kutoka kwenye kigoda chake, "Ni yangu, kijana yangu. Mimi mzee." Hata mimi mtoto nilielewa alichokuwa akifanya. Shosho hakuwa ametoka nje ya boma letu tangu msimu wa mvua, na hakuna askari angemburuta mzee asiyeona.

Mama alikuwa amesimama na karai mkononi. Nilimtazama nikiomba kwa moyo wangu wote anyamaze. Angenyamaza tu. Lakini kilikuwa kitambaa cha kanisa, na mama hakujua namna ya kusema uongo juu ya kitambaa cha kanisa.

"Ni yangu, afisa," alisema. "Nilivaa nikienda kumuulizia ndugu yangu."

Afisa alikitoa kwenye kamba, bado kibichi, akakikunja vizuri akamwambia mama aweke karai chini. Walimchukua, na Mama Ireri pia, ambaye hakuwa amekwenda popote, aliyefua kitambaa chake kwa sababu tu kesho yake ilikuwa Jumapili. Aliwaambia alikuwa na malaria. Walimwambia atamweleza hakimu.

Waliambiwa wamefanya mkutano bila kibali. Kitambaa cha mama kilibaki mahakamani kama kielelezo, na mama akaenda jela. Kanisani mchungaji aliomba wanawake wakae kwanza bila vitambaa mpaka mambo yatulie, na watu tuliosali nao walianza kupita njia ya chini ili wasipite kwetu. Siwalaumu sana, ingawa hasira ninayo. Nililala na shosho. Jioni nyingi aliweka sahani ya mjomba, kisha akaiweka na ya mama.

Mama alirudi maharagwe yakiwa yamevunwa na mengine kupandwa. Alikuwa amepungua mpaka gauni lilimkataa. Ilikuwa mchana wa joto, moto unawaka jikoni, moshi umejaa, nasi tulikuwa tumeacha mlango wazi. Alikaa, akanishika kichwa, akanitazama. Kisha akasema neno lake la kwanza: "Funga mlango." Tangu siku hiyo hakuanika tena nguo nje. Alizitundika jikoni juu ya moto, sare yangu ya shule ikanuka moshi, na wenzangu wakanicheka. Hakuimba tena, wala kanisani wala kwenye karai. Mjomba Nyaga hakurudi. Vyama vingi vilikuja, watu wakacheza barabarani, na chifu yule yule akawa wa kwanza kuinua vidole viwili. Mama alizikwa bila kujua ndugu yake amelala wapi.

Sasa naishi Embu mjini, na binti yangu wa pili, kama ilivyo desturi yetu, alipewa jina la mama yangu. Igoki huyu naye ana sauti. Vijana walipoingia barabarani kuandamana juzi juzi alikuwa mbele, bendera shingoni, anaimba. Alirudi nyumbani ananuka gesi ya machozi, nami nikamvua fulana ile nyeusi, nikaifua na kuitundika jikoni, juu ya jiko, dirisha nimelifunga. Alinicheka.

"Mathe, siku hizi hawatafuti nguo," alisema. "Wanatafuta simu."

Walimkuta kwenye saluni, mchana, wakamchukua watu wakiona, kwa gari lisilo na namba. Nilizunguka vituo vyote vya polisi, na kila mahali waliniambia maneno ambayo mama aliambiwa. Nilimpikia kila siku. Kisha mtu akanipigia simu kwamba kuna msichana ameachwa kando ya barabara, hana viatu.

Watu huniambia nishukuru, kwa kuwa amerudi. Nashukuru. Lakini mama yangu angalau aliulizwa. Alisimama kwenye jua la boma lake akasema, ni yangu. Binti yangu hakuulizwa kitu, na mimi niliyedhani nimejifunza nilikuwa nimeficha fulana. Bado ilikuwa imening'inia pale jikoni siku nilipomleta, imekauka zamani, inanuka vitunguu. Igoki alikaa chini yake. Nilimwekea chai, hakuigusa. Jirani alikuwa akifua nje na watoto wakicheza, na hewa nzuri ilikuwa ikiingia.

"Mathe," akasema mwishowe, "funga mlango."

Nikaufunga.